Mashine ya vyombo imekufa? Pima sinia kwanza!

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo, tuingie jikoni, mahali ambapo ndoa nyingi za mjini hupikwa na nyingine huungulia hapo hapo.

Kuna kazi moja hapa duniani haina mwisho, nayo ni kuosha vyombo. Ukimaliza vya chai vinakuja vya mchana, ukifuta mikono unasikia hodi, wageni hao! Ndiyo maana siku hizi ukipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme hapa Dar es Salaam unaikuta mashine ya kuoshea vyombo imepangwa jirani na majokofu, na wanaoiulizia si Wazungu peke yao. Ni vijana wa maofisini, wanandoa wapya na akina mama wanaorudi nyumbani saa 2 usiku wakiwa hoi kwa foleni.

Lakini leo sizungumzi sana na yule anayeanza. Nazungumza na yule ambaye alikuwa nayo, ikamzoesha raha, kisha ikafa. Huyo ndiye mwenye kasheshe, maana mkono uliozoea kupumzika ukirudishwa kwenye beseni unanuna.

Mimi ni mmoja wao. Mashine yetu ilikuja mwaka 2015 ndani ya kontena la shemeji aliyekuwa anarudi kutoka Uingereza. Ilikuwa imeshatumika huko, lakini ilipiga kazi miaka minane bila kulalamika. Mwaka 2023 ikaanza kutoa vyombo vya baridi, mafuta ya nazi yamegandia kwenye sahani. Baadaye ikagoma kabisa. Fundi akaifungua, akaguna, akasema hita imekufa na kadi imeungua, na spea zake mjini hapa hazipo.

Hapo nyumba ikagawanyika. Mzee wa nyumba akataka tununue nyingine haraka, tena ile kubwa kuliko zote dukani. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Tanga, akaona huo ni wazimu mtupu.

"Mwanangu," aliniambia, "humu ndani nahesabu mikono 12. Mashine ya nini tena?"

Swali zuri. Tatizo ni kwamba kati ya mikono hiyo 12, iliyokuwa ikigusa beseni kila siku ni miwili tu, ya dada yetu wa kazi. Na huyo dada alikuwa anasoma masomo ya jioni ili afanye mtihani wa QT. Kipindi kinaanza saa 11. Mashine ilipokuwa hai, vyombo vya mchana viliingia humo saa 9, naye akaoga, akavaa, akaondoka. Ilipokufa, ndani ya wiki moja nilimkuta mara tatu yuko kwenye beseni saa 11 na nusu, daftari liko juu ya friji.

"Nitaenda kesho, mama," ndilo lilikuwa jibu lake. Kesho za mjini unazijua mwenyewe, huwa hazifiki.

Pesa ilikuwepo, maana zamu yangu ya upatu ilikuwa imefika. Lakini mshiko wa upatu hauji kila mwezi, kwa hiyo sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wiki mbili nzima nilizunguka madukani, nikauliza mafundi, nikasoma vile vitabu vya maelekezo ambavyo watu hutupa pamoja na boksi. Haya ndiyo niliyoyapata.

USIIZIKE IKIWA HAI

Kabla hujatangaza msiba, hakikisha marehemu kweli amekufa. Mashine nyingi zinazosemwa zimeharibika zimeziba tu. Chini kabisa, ndani ya tumbo lake, kuna chujio. Wali, miiba ya samaki na mbegu za limao hukaa hapo. Lisipooshwa walau mara moja kwa wiki, maji hayatoki na vyombo vinanuka.

Angalia pia kile kichujio kidogo kwenye mpira wa kuingizia maji. Mchanga wa maji ya kisima hujaa hapo, mashine ikakosa maji na kuanza kulia. Kisha angalia ile mikono inayozunguka na kurusha maji. Vitundu vyake vikizibwa na chokaa, kijiti cha meno kinatosha kuvizibua.

Ukiona hayo yote ni safi na bado inagoma, ndipo umwite fundi. Na fundi akikutajia gharama inayofika nusu ya bei ya mashine mpya, mshukuru, mpe nauli yake, anza kufikiria nyingine. Yetu ilikuwa imefika huko.

ALIYEITENGENEZA ALIANZA NA KIPIMO

Kuna mama mmoja wa Marekani aliyeitwa Josephine Cochrane. Alikuwa mama wa nyumba wa Shelbyville, jimbo la Illinois. Mume wake alifariki mwaka 1883 na kumwachia madeni. Badala ya kukaa na kulia, akaingia kwenye banda nyuma ya nyumba pamoja na fundi mitambo, na mwaka 1886 akapewa hataza ya mashine ya kuoshea vyombo. Mwaka 1893 aliipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na wateja wake wa mwanzo wakawa mahoteli na migahawa.

Kinachonifurahisha ni alivyoanza. Alipima kwanza sahani, vikombe na visosa vyake, akatengeneza vichanja vya waya vinavyolingana navyo, ndipo akafikiria habari ya maji na mtambo. Vyombo kwanza, mashine baadaye.

Sisi huku tunafanya kinyume. Tunaipenda mashine kwa rangi na taa zake, tukifika nyumbani sinia la pilau linagoma kuingia mlangoni.

Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, ukienda dukani beba vitu viwili: futi ya fundi cherehani na sinia lako. Ndiyo, sinia! Wauzaji walinicheka, lakini walipoona nalijaribu kwenye kichanja cha chini wakaacha. Mashine za kawaida zina upana wa sentimita 60 au 45, na urefu wa kama sentimita 85. Ile ya 60 huandikwa kuwa inabeba seti 12 hadi 14, ya 45 seti 9 au 10. Ukisikia "seti" usidhani ni sufuria. Ni sahani, bakuli, glasi, kikombe na vijiko vya mtu mmoja anayekula Kizungu. Hotipoti haimo kwenye hesabu hiyo.

Na kuna vyombo ambavyo haviingii humo hata iwe mashine ya ikulu. Sufuria zetu za alumini zikioshwa humo zinafifia na kuwa nyeusi, kwa sababu sabuni yake ni kali. Mwiko, ubao wa kukatia na kinu vinapasuka. Chungu kinanywa maji. Hotipoti yenye kuta mbili inaingiza maji katikati na hayatoki. Kisu kizuri kinapoteza makali. Kama asilimia kubwa ya jiko lako ni sufuria za alumini, jua mapema kwamba beseni halistaafu. Kinachostaafu ni lundo la sahani, vikombe, glasi na vijiko, ambalo ndilo linalokula muda.

MAJI YAKO YANATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Muuzaji atakuuliza unataka rangi gani, hatakuuliza tenki lako liko juu kiasi gani.

Mashine nyingi zinataka maji yaingie kwa nguvu isiyopungua kama bar 0.5, ingawa zipo zinazokubali 0.3. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa bar 1. Maana yake, ili upate bar 0.5 bila pampu, maji kwenye tenki yawe juu ya mashine kwa mita 5 hivi. Tenki lililowekwa juu ya mnara wa mita 2 na nusu halikufikishi huko. Utafungua bomba utaona maji yanatoka, utasema yapo, kumbe kwa mashine hayo ni machozi tu. Itasubiri, itachoka, itawasha taa nyekundu.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kusukuma maji, au kuinua mnara. Gharama hiyo iweke kwenye hesabu kabla hujalipia mashine.

Jambo la pili ni chumvi na chokaa. Angalia birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe chini yake, maji yako yana chokaa. Mashine nyingi za Ulaya zina chemba maalumu ya kulainisha maji, na chemba hiyo hutiwa chumvi yake nene, siyo ya mezani yenye madini joto. Usije ukadanganyika hapo. Chemba hiyo huondoa chokaa, haiondoi uchumvi wa maji. Kama kisima chako kina maji ya chumvi yale ya kuonja na kukunja uso, glasi zitabaki na madoa na vyuma vitashika kutu. Wa hivyo afadhali atumie maji ya bomba aliyokinga kwenye tenki.

Kuhusu wingi wa maji, mama mkwe alikuwa na uhakika kwamba mashine ni mfujaji. Tukakaa tukapiga hesabu. Beseni la kuoshea lita 10, la kusuuzia lita 10. Ukibadilisha maji mara moja, na vyombo vya mafuta lazima ubadilishe, umefika lita 40. Mashine ya siku hizi kwenye programu ya kubana matumizi hutumia kama lita 10 hadi 13 kwa mzigo mzima, kwa sababu huyazungusha maji yale yale tena na tena huku ikiyachuja. Mama mkwe akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, na umeme je?"

UMEME NDIO MCHAWI

Mashine hii ina hita, na hita ndiyo inayokula uniti. Inapochemsha huvuta kama wati 1,800 hadi 2,200. Kwa hiyo isichomekwe kwenye ekstensheni moja na friji na birika. Ipewe soketi yake yenye waya wa maana. Inveta ndogo ya kuwashia taa na televisheni haitaiweza.

Kwa mzigo mmoja hesabu kama uniti moja hivi, pungufu kidogo ukitumia programu ya kubana matumizi. Cha ajabu ni kwamba programu hiyo ndiyo ndefu, saa 3 na zaidi, na ile ya haraka mara nyingi ndiyo inayokula zaidi, maana inachemsha maji kwa nguvu. Ukiosha kila siku ni uniti kama 30 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, fikiria mara mbili. Mashine inaweza kukuvusha ukahamishiwa kwenye bei ya juu, na hapo kila uniti ya friji na taa nayo inapanda. Washa pale tu inapojaa, wala si kwa ajili ya vikombe vinne.

Umeme unaocheza ndio unaoua kadi. Kifaa cha kulinda umeme, kama kile tunachowekea friji, kiwe kikubwa kinachoweza kubeba mzigo huo. Na kwa wale wanaotumiwa mzigo na ndugu walioko Marekani: kule umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 120, hapa kwetu ni 230. Kabla hajafunga kontena mwambie asome kibati cha nyuma.

MPYA AU MTUMBA?

Mtumba si dhambi, wetu ulitutoa kimasomaso miaka minane. Lakini ukinunua mtumba, usikubali kuonyeshwa taa zinawaka ukadhani umepata mali. Taka iunganishwe maji, iwashwe, usikie pampu, uguse mlango baada ya dakika 20 usikie joto, na uone maji yakimwagwa. Angalia mpira wa mlango kama umepasuka na vichanja kama vimeanza kutu. Muuzaji akisema hana maji pale dukani, mwambie utarudi siku atakayokuwa nayo.

Ukinunua mpya, usiulize kwanza jina kubwa la Ulaya. Uliza: pampu yake ipo mjini? Hita ipo? Kadi ipo? Nani anatengeneza, na yuko mtaa gani? Garantii iwe kwenye karatasi yenye muhuri na tarehe, siyo kwenye mdomo. Jina la wastani lenye spea Kariakoo ni bora kuliko jina bomba ambalo spea yake inasubiri ndege.

Uliza pia sabuni. Mashine hii haitumii sabuni yetu ya maji ya povu. Ukiitia hiyo, povu litatoka mlangoni mpaka sebuleni! Ina sabuni yake ya vidonge au unga, isiyotoa povu, nayo inauzwa zaidi supamaketi. Piga hesabu ya kidonge kimoja kwa siku, mara 30, uone kama mfuko unaruhusu. Na uiweke mbali na watoto, maana ni kali inayoweza kuunguza mdomo na koo.

Kwa wewe mpangaji, chukua ile inayosimama yenyewe, siyo ya kujengewa ndani ya kabati, maana siku mwenye nyumba akipandisha kodi utahama nayo. Na kama jiko lako ni kona ya chumba, zipo ndogo za kuweka mezani, za seti 4 hadi 6. Baadhi yake zina tenki la ndani unalolijaza kwa jagi, lita 5 hivi, huhitaji hata bomba. Kwa kijana anayeishi peke yake hiyo inamtosha.

TULICHOAMUA

Mzee wa nyumba alishikilia ya sentimita 60. Nikampa futi, apime mwenyewe. Ikawa ikikaa hiyo, mlango wa friji haufunguki wote. Nikampeleka na nje akaangalie mnara wa tenki, mita 2 na nusu, akakuna kichwa.

Tukachukua ya sentimita 45, mpya, ya jina la kawaida, ambayo fundi wa mtaa wa pili amewahi kuifungua na kuifunga. Kilichobaki kwenye upatu kikanunua pampu ndogo na kifaa cha kulinda umeme. Sinia la pilau linaingia kwa kuinamishwa kidogo. Nilishalijaribu.

Zikabaki sufuria. Na hapa ndipo swali la mama mkwe lilipopata jibu lake. Mashine haitoi vyombo sebuleni, haikwangui ukoko wa ugali, wala haioshi sufuria za alumini. Kwa hiyo ile mikono 12 aliyoihesabu ilipangiwa zamu. Watoto wanatoa vyombo mezani na kukwangua mabaki. Mimi napanga, visu ncha chini. Sufuria za usiku ni za mzee wa nyumba.

"Mimi?" aliuliza.

"Wewe si ndiye uliyetaka kubwa kuliko zote?" mama yake akamjibu kabla yangu, akicheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

Saa 9 mchana vyombo vinaingia, saa 10 na nusu dada anatoka na daftari lake. Mwaka uliofuata, 2024, alikaa kwenye chumba cha mtihani kama wenzake.

Basi mpenzi msomaji, mashine si ya kuringishia shoga wala ya kupigia picha. Kabla hujatoa ngawira yako, jua vyombo vyako, jua kimo cha tenki lako, jua kundi lako la umeme, jua fundi wako. Halafu jiulize swali la mwisho, ambalo hakuna muuzaji atakayekuuliza: ule muda utakaookolewa ni wa nani, na ataufanyia nini? Ukipata jibu la maana, nunua. Ukikosa, nunua mabeseni mawili na mgawane zamu.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, na ukienda dukani usisahau sinia!